Gari Halijalala

Namba nyeusi kwenye kioo cha mita ilikuwa inashuka polepole. Ilianzia tatu na ushei, ikakaa hapo kitambo, ikateremka mpaka moja, ikapanda kidogo kama mtu anayejigeuza kitandani, kisha ikashuka tena. Mzee fundi alikuwa amechutama kwenye kivuli cha mkungu, mbele ya gari la marehemu baba, boneti iko juu, mikono ameilaza magotini, hagusi kitu. Alikuwa ameufungua waya wa hasi kwa spana ya kumi, akaiweka mita katikati, baina ya waya na kichwa cha betri, ili kila tone la umeme linalotumiwa na gari lipite kwanza mbele ya macho yake. Mlango wa dereva ulikuwa wazi, lakini komeo la kitasa alikuwa amelisukuma kwa bisibisi likajifunga lenyewe, gari lidhani mlango umefungwa. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua uso. Nilipomuuliza tunasubiri nini, alinijibu kwa sauti ya mtu aliyekaa kando ya kitanda cha mgonjwa: "Tulia kwanza, mwanangu. Gari halijalala."

Maneno yale yamenikaa moyoni. Tangu utotoni nimewasikia watu wakisema basi limelala Korogwe, lori limelala Segera, jahazi limelala Pangani, na siku zote nililichukua neno hilo kama pambo la lugha, kwa kuwa chuma na mbao havina usingizi. Kumbe lugha ilitangulia, na vitu vikaja kuifuata. Gari la siku hizi ukichomoa ufunguo halizimiki palepale. Ndani yake mna kompyuta ndogo kadhaa, moja ya injini, nyingine ya milango, nyingine ya mifuko ya hewa, na kila moja ina namna yake ya kufunga kazi: huandika yanayopaswa kukumbukwa, hungoja kuona kama mwenye gari atarudi kuchukua alichosahau, ndipo hujifunika. Katika magari mengine shughuli hiyo huchukua nusu saa na zaidi. Ukifungua mlango, hata kama unafuata miwani tu, zote huamka, na unaanza kuhesabu upya. Ndiyo kazi ya ile bisibisi kwenye kitasa. Anayetaka kukijua kinacholinyonya gari usiku hana budi kwanza kuliaminisha kwamba yeye hayupo.

Nilikaa juu ya jiwe nikaanza kulizungusha mdomoni neno zima. Taa tunaizima, moto tunauzima, gari tunalizima. Na mtu aliye hai, mwenye afya, asiyepungukiwa na kiungo, naye ni mzima. Asubuhi tunaulizana, u mzima? na jibu likiwa ndiyo tunamshukuru Mungu. Huenda ni maneno mawili yaliyokutana njiani kwa sauti tu, lakini sikioni mwangu yanasemezana, kana kwamba kinachojua kuzimika ndicho kinachobaki kizima. Gari letu lilikuwa halijui kuzimika, na kwa sababu hiyo lilikuwa linakufa kila siku ya nne.

Tulilitumia mara moja moja, kumpeleka Mama kliniki au kufuata mchele sokoni Ngamiani, kisha likarudi chini ya mkungu wake kudondokewa na majani mekundu. Siku ya pili linawaka. Siku ya tatu linawaka kwa manung'uniko. Siku ya nne unazungusha ufunguo, unasikia tak moja kavu kutoka kwenye selfu, taa za dashibodi zinafifia kama macho ya mtu anayepoteza fahamu, basi. Katika miaka miwili tulinunua betri tatu. Kila fundi aliyeitwa, na mtaa wenye gereji bubu haukosi fundi, alifungua boneti, akagusa vichwa vya betri kwa kidole, akatoa hukumu ileile: betri imezeeka. Hukumu hiyo hutoka upesi kwa sababu ushahidi wake uko wazi. Betri ndiyo iliyokutwa haina kitu. Ukikuta mtungi mkavu asubuhi unaushika mtungi, unaugeuza, unatafuta ufa. Haikujii kwamba pengine kuna mtu anaamka usiku kunywa.

Na betri haina kosa. Mwaka 1859 Mfaransa Gaston Planté alichukua mabamba mawili ya risasi, akayaviringisha pamoja bila kuyaacha yagusane, akayazamisha katika asidi ya salfuriki, akapata chombo cha kwanza kinachoweza kujazwa umeme, kikatumiwa, kikajazwa tena. Betri iliyokuwa mbele yetu ni mjukuu wa chombo kile: vyumba sita vya risasi na asidi, kila kimoja volti mbili na kidogo, jumla volti 12.6 ikiwa imeshiba na kutulia. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Ikiwa chini ya 12 iko hoi. Magari ya mwanzo hayakuihitaji ili yawake. Mtu alichomeka mpini wa chuma puani mwa gari akauzungusha kwa nguvu za bega, na injini ikirusha mpini kinyume, mkono ulivunjika. Mmarekani Charles Kettering ndiye aliyeleta mota ya umeme ya kuwashia, ikafungwa katika magari ya Cadillac ya mwaka 1912, na tangu hapo betri ya gari imekuwa na kazi moja ya kishujaa: kutoa mamia ya ampea kwa sekunde chache, kisha kutulia huku altaneta ikiirudishia ilichotoa. Ni mkimbiaji wa masafa mafupi. Haikuundwa kunyonywa taratibu tangu magharibi mpaka alfajiri.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Betri inapotoa umeme, mabamba yake huvikwa utando wa salfeti ya risasi. Ikichajiwa mapema, utando huyeyuka ukarudi kwenye asidi, na hakuna lililoharibika. Ikiachwa tupu siku nyingi, utando hukomaa ukawa fuwele ngumu zisizokubali tena kuyeyuka, na kila fuwele ni nafasi iliyopotea, ghala lililojengewa ukuta ndani. Hapo ndipo dhuluma inapokamilika. Betri mpya inasingiziwa uzee, inaachwa iendelee kunyonywa, na baada ya miezi inazeeka kweli. Na yule aliyesema tangu mwanzo anasimama mbele yako na kukwambia, si nilikueleza? Nimeona watu waliofanyiwa hivyo. Nimeona msichana wa kazi aliyeitwa mvivu mwaka mzima huku akilala saa sita usiku na kuamka saa kumi alfajiri, mpaka mwili ukakubali jina aliloitwa, akawa anasinzia juu ya karai la nguo, na kila aliyempita akaona ushahidi. Hakuna aliyewahi kuzihesabu saa zake za kulala.

Kikulacho ki nguoni mwako. Methali hii tunaitumia kwa ndugu na marafiki wabaya, na tunaitamka kwa uchungu, kama shtaka. Lakini isikilize upya ukiwa umekaa mbele ya mita. Haisemi kwamba adui yako yu nguoni. Inasema kilicho nguoni kinakula. Chawa hana chuki na mtu. Amekaa mahali palipo na joto, anaishi. Gari lenyewe lina walaji wake halali, na lililolala sawasawa hutumia miliampea 20, 30, pengine 50, kwa ajili ya saa, king'ora, kumbukumbu ya injini. Kwa miliampea 30, betri ya ampea-saa 45 kama yetu ingechukua miezi miwili kukauka. Sasa namba kwenye mita ya mzee fundi ilikuwa imesimama, na haikushuka tena. Ilisoma 0.43. Miliampea 430. Ni kitu kidogo, ni moto wa taa moja ya kusomea ramani, hauwezi kuwasha hata jicho moja la mbele. Lakini kwa siku moja unaondoka na ampea-saa kumi, na siku ya nne zimekwenda arobaini na moja. Bandu bandu huisha gogo. Ndivyo linavyoisha salio la simu ya mzee aliyebonyeza namba asiyoijua, akaunganishwa na huduma asiyoitaka, kila siku shilingi chache, naye anadhani ameongea sana. Shoka la kukata gogo kwa pigo moja lingesikika mtaa mzima, watu wangetoka.

Mzee fundi alinitajia wanaoshukiwa bila haraka, kama mtu anayetaja wajukuu. Kuna taa ya buti, ambayo haiwezekani kuiona kama imezimika kwa sababu kuiona ni lazima ufungue, na ukifungua inawaka. Kuna relei iliyogandiana ndani. Kuna diodi ya altaneta iliyopasuka, ikawa mlango wa kuingilia umegeuka kuwa wa kutokea. Kuna ving'ora vilivyofungwa na vijana wa haraka. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kuliona. Alitenga mita nyingine ndogo, ncha moja akaiweka kwenye kichwa cha chanya, ya pili akaibandika juu ya plastiki ya betri, mahali pasipo na waya wala skrubu, penye vumbi tu lililolowa. Mita ikasoma volti. "Bahari hiyo," akasema. Hewa ya Tanga inabeba chumvi, chumvi inatua juu ya betri pamoja na vumbi, unyevu wa usiku unaifanya njia, na umeme unatembea juu yake kutoka kichwa hadi kichwa, hauendi popote, unajimaliza. Aliomba maji ya moto, akapaosha, akapafuta kwa tambara. Volti ile ikapotea. Namba ya 0.43 haikubadilika. Bahari ilikuwa mlaji mdogo; mkubwa alikuwa bado ndani.

Mafundi wetu hawasemi umeme, wanasema moto. Waya huu una moto, huu hauna, betri imekwisha moto. Nalipenda sana neno hilo, kwa sababu linaunganisha shida yangu na shida ya bibi yangu. Bibi alipoamka akakuta jiko limepoa hadi chini ya majivu, alimtuma mtoto kwa jirani na kifuu cha nazi, kaka yangu mkubwa amewahi kutumwa, na mtoto akarudi mbio kaa likiwa jekundu ndani ya kifuu, akilipulizia njiani lisife. Hakuna aliyemhesabia mwenzake makaa. Leo jirani anasogeza gari lake hadi pua kwa pua na lako, nyaya zinapita baina yao, nyekundu kwenye chanya na chanya, nyeusi kwenye hasi ya mwenye nacho, na ncha ya mwisho kwenye chuma kitupu cha injini ya asiye nacho, mbali na betri, kwa kuwa betri inayochajiwa hutoa hewa ya haidrojeni na cheche moja inatosha kuleta maafa. Tunaita kubusti. Kwa miaka miwili jirani mmoja alitubusti mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, akitoka na msuli wake alfajiri bila kununa. Lakini nilianza kuona haya, na haya ile ilinifundisha kitu: kuomba moto ni jambo la heri, ila kuuomba kila siku ya nne ni dalili kwamba nyumbani kwako kuna tundu, na heshima anayostahili jirani ni wewe kulitafuta.

Gari hili Baba alilinunua likitoka Japani, likashushwa bandarini Dar es Salaam, na alipolileta Tanga lilikuwa na mambo mawili ambayo hakutaka yaguswe. La kwanza ni sauti ya mwanamke ambaye kila ukiwasha alisema sentensi moja ya Kijapani, ya adabu sana. Alikuwa anatangaza kwamba kadi ya kulipia barabara haijawekwa, barabara zilizo maelfu ya kilomita nyuma yake. Baba alimwitikia kila asubuhi, "Salama, binti yangu." La pili ni saa. Saa ya dashibodi ilikuwa bado inakwenda kwa wakati wa Japani, na Japani imetutangulia kwa saa sita kamili. Sasa fikiria. Sisi tunahesabu saa za mchana tangu jua linapochomoza, kwa hiyo saa zetu nazo zimeachana kwa sita na zile za redio za kigeni. Asubuhi jua likiwa limepanda kidogo na sisi tunasema saa moja, Japani mchana umefika saa yao ya 1:00. Saa ya gari ilisoma 1:00. Adhuhuri tukisema saa sita, ilisoma 6:00. Kila mtu mwingine mtaani alisoma saa yake akageuza kichwani, ila Baba alisoma tu. Alisema gari hili lilizaliwa likijua Kiswahili, na alifurahi kwa furaha ya mtu aliyepokewa vizuri na mgeni wake.

Redio ndiyo aliyoibadilisha. Redio za Japani za wakati ule zilishika masafa ya 76 mpaka 90, na vituo vyetu viko kati ya 88 na 108, kwa hiyo ile iliyokuja na gari ilisikia ukingo tu wa nchi yetu, kama mtu aliyekaa mlangoni. Baba akafunga nyingine, na akamwomba fundi wa wakati ule aiunganishe ili iweze kusema hata ufunguo ukiwa nje. Zilikuwa siku za mgao wa umeme. Nyumba ikiwa giza, Mama ameutundika ufunguo wa gari kwenye msumari wake, Baba alikwenda chini ya mkungu, akafungua mlango wa dereva, akakaa miguu ikiwa nje ardhini na kofia juu ya goti, akasikiliza taarifa ya habari, kisha matangazo ya vifo. Alikuwa karani katika shamba la mkonge maisha yake yote ya kazi, na wenzake walitawanyika Muheza, Korogwe, Handeni, wengine hadi Songea walikotoka. Redio ndiyo iliyomwambia nani amebaki. Nikilikumbuka gari lile jioni, sioni gari, naona kitone cha kijani cha redio na bega la baba.

Mzee fundi aliingia chini ya dashibodi akaanza kuchomoa fyuzi moja moja kwa koleo dogo, mimi nikisoma mita kwa sauti. Kila alipochomoa aliuliza, "Vipi?" na mimi nikajibu bado. Ni njia ya zamani ya kutafuta ukweli, kuondoa mmoja na kutazama kama maumivu yamepungua. Sifuri nukta nne tatu. Nne tatu. Nne tatu. Kisha namba ikaanguka hadi 0.02, nikapaza sauti kana kwamba nimeona mwezi wa Idi. Ilikuwa fyuzi ya redio. Akaivuta redio kutoka kwenye tundu lake, nyuma yake nyaya zikamwagika kama utumbo wa samaki, na katikati ya zile nyaya kulikuwa na fundo lililofungwa tepu nyeusi, gundi imeyeyuka kwa joto la miaka ikawa kama asali iliyochacha. Alilifungua kwa kucha. Ndani yake waya wa njano na waya mwekundu zilikuwa zimesokotwa pamoja, zimegeuka kijani.

"Huu wa njano," akaniambia, ameushika kwa vidole viwili, "ni wa kukumbuka. Unapata moto saa zote, redio isisahau stesheni zake. Unakula kidogo sana. Huu mwekundu ni wa kuamka. Huu unatakiwa upate moto ufunguo ukiwa ndani tu. Hapa zimefungwa pamoja. Kwa hiyo hii redio, ili ikumbuke, imelazimika kukaa macho miaka yote." Nikamuuliza kwa nini basi gari halikuwa likifa enzi za Baba. Alinitazama kwa huruma. "Baba yako alikuwa anaendesha kila siku, mwanangu. Kilichotoka usiku kilirudi asubuhi. Gari linalokwenda kila siku halioneshi linachopoteza. Likikaa ndiyo linasema."

Sijui mahubiri yaliyonigusa kuliko maneno hayo. Kwa sababu Mama naye tulikuwa tumeambiwa amezeeka. Tangu arobaini ya Baba ipite alikuwa anachoka mchana, anasinzia akichambua mchele, anasahau chumvi. Kliniki walimpima damu wakampa vidonge. Ndugu wakasema ni umri, na mmoja akashauri tumletee mtu wa kumsaidia kazi. Sote tulishika mtungi tukatafuta ufa. Hakuna aliyeuliza usiku unakwendaje. Mimi ninayelala chumba cha pili ndiye ninayejua, na nilikuwa nimeshazoea kiasi cha kutolihesabu kuwa jambo. Miaka mingi mtaani kwetu maji ya bomba yalitoka usiku wa manane, saa nane, saa tisa, kwa saa moja tu, na Mama alikuwa anaamka kuyasikiliza. Alijua mluzi wa hewa inayotangulia maji, aliinuka, akapanga ndoo, akajaza mapipa, akarudi kulala alfajiri ikiwa imekaribia. Baadaye tuliweka tangi la lita elfu moja, maji yanaingia yenyewe. Yeye bado anaamka. Saa tisa nasikia kitasa, kandambili, koki inafunguliwa, inafungwa. Mchana wa zamani ulikuwa na Baba, na watoto, na genge la mboga alilokuwa akiuza mbele ya nyumba, ukamrudishia kila alichotoa usiku. Sasa mchana umekaa kimya, na usiku umebaki na kazi yake. Mwenye kovu usidhani kapoa, na mwenye tangi usidhani ameacha kusikiliza.

Nimefikiri sana juu ya waya wa njano tangu siku hiyo. Tumezoea kuogopa kumbukumbu. Mtu akifiwa tunamwambia asahau, ajipe moyo, aondoe nguo za marehemu kabatini, kana kwamba kukumbuka ndiko kunakomla. Lakini nimeona kwa macho yangu kwamba kukumbuka hula kidogo sana, miliampea chache, betri inaweza kubeba hilo wiki baada ya wiki na isilalamike. Kinachokausha ni kukaa macho: kuweka sikio kwenye lango kwa mtu ambaye hatarudi, kwenye bomba ambalo halihitaji tena kungojewa. Na mambo haya mawili husokotwa pamoja na mikono yenye mapenzi, kwa sababu nzuri kabisa, usiku wa mgao, taarifa ya habari inakaribia, mtu anataka tu asikie nani bado yupo. Fundo likishafungwa tepu, hakuna anayelifungua. Siwezi kumlaumu yule fundi wa kwanza. Siwezi kumlaumu Baba. Ila ninailaumu, na kwa nguvu zote, ile haraka ya kutangaza kwamba aliyechoka amezeeka.

Mzee fundi alinisubiri. Alikuwa ameshika nyaya zote mbili na hakuwa na haraka ya kunisukuma, ingawa adhana ya alasiri ilikuwa imeshapita na watu wake wanamngoja. Nilimwambia autenge mwekundu. Akauchuna, akaupeleka kwenye moto unaopita kwenye swichi ya ufunguo, akaufunga tepu mpya. Ule wa njano akauacha mahali pake, akausafisha ncha kwa msasa. Tukarudi kwenye mita, bisibisi ikiwa bado imeziba mdomo wa kitasa, tukangoja tena. Tatu na ushei. Moja. Ikajigeuza. Ikashuka. Sifuri nukta sifuri mbili, ikakaa. Alinyoosha mgongo wake mifupa ikalia, akaanza kukunja nyaya zake, na Mama akatoka na chai ya tangawizi kwenye kikombe cha bati, akauliza kama ile redio itaendelea kusema. "Itasema, mama," akamjibu, "ukiweka ufunguo."

Betri iliporudishiwa waya wake, saa ya dashibodi ilikuwa imeanza upya, inapepesa 1:00, 1:00, kama ilivyokuwa imefanya kila betri ilipobadilishwa. Kwa miaka miwili hakuna aliyejisumbua kuirekebisha. Nikaketi kitini pa Baba. Ilikuwa saa kumi na dakika ishirini jioni. Nilibonyeza kitufe kidogo kwa ncha ya kalamu, taratibu, mpaka ikasoma 10:20.

Usiku nilisikia kitasa. Kandambili zikavuka uani, koki ikafunguliwa, hewa ikapiga mluzi. Safari hii niliinuka. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, kiganja juu ya bomba, kichwa ameinamisha, na ng'ambo ya ukuta, chini ya mkungu, taa nyekundu ya king'ora ilikuwa inawaka na kuzimika, inawaka na kuzimika. "Umeamka?" akaniuliza. Nikaichukua ndoo iliyokuwa tupu, nikaigeuza, nikakaa karibu naye.